Yule Kijana Angeuliza Tu

Kwa Vonza,
12 Mei 1984

Kwa mwanangu Kisilu,

Pokea salamu nyingi kuliko mawe ya Kwa Vonza, na mawe yetu unayajua. Sisi hatujambo. Baba yako magoti bado yanamsumbua lakini mdomo ni mzima kabisa. Dada yako Ndululu amekuwa wa tatu darasani, na angekuwa wa kwanza kama mwalimu hangempendelea mtoto wake mwenyewe. Mvua ya mwezi wa nne haikuja. Tulipanda, tukangoja, kunguru wakafukua. Saa hii tunakula mahindi ya njano ya msaada. Ukisonga ugali wake unafikiri umepika keki, mpaka uonje.

Sasa sikiliza. Jumapili baada ya ibada akina mama walikuwa wanasema mambo ya watoto wao. Kalondu, mwenyekiti wetu, akasema kijana wake ameandikwa kazi na reli huko Voi, ati anavaa kofia. Nikamwacha amalize. Halafu nikasema polepole, kama mtu anayeomba chumvi: "Wangu anafundisha kidato cha tatu mchezo wa kale wa ng'ambo, wa wapenzi wawili wanaokufa." Wakanyamaza wote! Kisilu, umewahi kumwona Kalondu amenyamaza? Lakini alipopata pumzi akaniuliza, "Wanakufa kwa nini?" Hapo nikashikwa. Nikamwambia mambo ya kitabu hayasemewi kwenye vumbi.

Kwa hiyo niandikie huo mchezo wote, na uharakishe. Mimi niliishia darasa la nne, lakini hicho kichwa unachofundishia ulikitoa kwangu, usisahau.

Muthoki wako alikuja Alhamisi kunichotea maji. Tangu tupeleke mbuzi wa ntheo kwa baba yake, Muthama, akawa mchumba wako mbele ya wazee wa pande zote mbili, huyo msichana ananiita mama kama amezaliwa hapa. Watu wakipita nasema kwa sauti, "Wee mke wa mwalimu, niletee kibuyu!" Anaona haya, lakini analeta. Arusi ni Desemba. Nimeshatangaza.

Ni mimi mama yako,
Kalunde wa Mutie


Makindu,
9 Juni 1984

Mwaitu mpendwa,

Nimefurahi, mama, kusikia mko hai na mdomo wa baba ni mzima. Mimi sijambo. Huku nako ni kukavu, vumbi la barabara ya Mombasa linaingia mpaka kwenye chaki. Mwambie Ndululu wa tatu si haba. Na mwambie Muthoki barua yake nimeipata na nitaijibu wikendi hii.

Mchezo wenyewe ni hivi. Kuna mji wa bondeni na kijiji cha mlimani. Baba ya msichana ana kinu cha kusaga ngano bondeni, kinazungushwa na maji. Baba ya kijana anafuga kondoo huko juu na anayazuia maji kondoo wanywe. Basi hizo nyumba mbili hazisemezani. Watoto wao wanakutana darajani wanapendana. Kijana anaongea kurasa mbili nzima akimfananisha msichana na asubuhi, na asali, na kila kitu. Msichana anamjibu kwa maswali: "Tutalala wapi? Nani atamwambia baba yangu?"

Kisha kijana anatumwa mbali kuuza sufu, na wanaahidiana kungojana. Siku anayorudi, akiwa bado juu mlimani, anaona gurudumu la kinu limepambwa maua. Katika mji ule, maua yakiwekwa hapo ujue nyumba ile ina arusi. Anaona ameachwa. Hashuki. Anageuka, anapanda kwenye theluji na kufa kwa baridi. Kumbe ni dada mkubwa ndiye aliyekuwa anaolewa. Msichana anatoka kumtafuta na kufa karibu naye.

Nimewapa wanafunzi swali hili: kati ya hao wawili, ni nani aliyekomaa moyo? Kuna msichana hapa, Waithera, watu wao ni wa kutoka Nyeri, wana duka hapa mjini. Alisimama akasema, "Mwalimu, kijana ana umri wa miaka kumi na tisa na moyo wa miaka tisa." Darasa lilicheka mpaka mwalimu mkuu akaja kuchungulia.

Mwanao,
Kisilu


Kwa Vonza,
1 Julai 1984

Mwanangu mwalimu,

Salamu tena. Baba yako amepata dawa ya kupaka, ananuka kama gari bovu lakini anatembea. Muthoki nimempa ujumbe wako, akatabasamu ukutani ati nisimwone.

Ule mchezo nimewaambia! Tulikuwa tunachambua mahindi ya njano kanisani kabla ya kugawa, nikasimulia tangu mwanzo mpaka theluji. Hiyo theluji Kalondu alinisumbua nayo, nikamwambia ni ile nyeupe ya juu ya Mlima Kenya, tuendelee. Nilipofika kwenye maua, mikono yote ikasimama.

Kalondu akasema, "Huyo kijana ni mtoto mkubwa. Si angeshuka aulize!"

Nikamwambia, "Alikuwa na uchungu."

"Uchungu unaziba miguu?"

"Kalondu, wewe hujui moyo wa mwanamume aliyesoma."

"Ati alisoma? Si umesema anachunga kondoo?"

Wakacheka hao wanawake, wee, mpaka mahindi yakamwagika. Mimi nilimtetea yule kijana peke yangu kama wakili. Nilisema moyo wake ni safi, ndiyo maana ulivunjika mara moja, sufuria nzito haivunjiki kwa sababu haina hisia. Wote wamemchagua msichana. Wanasema anauliza pa kulala, huyo ni mtu mzima. Lakini wewe na mimi tunajua kijana ndiye aliyependa zaidi, sivyo?

Kitu kimoja kimenikasirisha. Mama ya huyo kijana alikuwa wapi? Katika mchezo wote hakuna mama?

Nijibu upesi, ninangojwa.

Mama yako,
Kalunde


Makindu,
26 Agosti 1984

Mwaitu,

Salamu kwako, kwa baba na kwa Ndululu. Mimi ni mzima. Nisamehe kwa kukawia, kulikuwa na mitihani.

Mama ya kijana yupo. Anatokea mara moja tu, mwanawe anapoondoka kuuza sufu, na anasema, "Kula kwanza." Basi.

Kuhusu kijana, nimebadilisha mawazo na nimewaambia wanafunzi hivyo. Tulikuwa tunamcheka bure. Mtu akishaona maua kwa macho yake aulize nini tena? Kuna mambo ambayo kuyauliza ni kujidhalilisha. Alinyamaza akaenda zake, na mimi naona huo ni utu uzima. Waithera hakukubali, lakini yeye ni mtoto.

Kuna jambo lingine. Wanatafuta walimu wa kwenda Lodwar kwa miaka mitatu. Nimechukua karatasi zao, nitaweka sahihi kabla ya mwisho wa Oktoba. Mambo ya Desemba usiendelee kuyatangaza.

Mwanao,
Kisilu


Kwa Vonza,
8 Septemba 1984

Kisilu,

Hatujambo. Nimeisoma barua yako nikampa Ndululu naye aisome, nikidhani macho yangu yamekosea. Lodwar? Lodwar ya Turkana? Na arusi usiitangaze, wakati nimeshaitangaza mpaka sokoni?

Nimehesabu salamu zako. Baba yuko, Ndululu yuko. Muthoki hayuko. Wewe ni mtoto wangu, hata ukificha kitu chini ya ulimi nakijua.

Sasa nami nitakuambia lile ambalo sikutaka kuandika. Muthoki haji tena. Mwanzoni nilifikiri ni mgonjwa, halafu nikamwona kwa macho yangu akienda chuoni kwake kujifunza kushona, ana afya, anapita njia ya chini ili asipite hapa kwetu. Nikasema sawa. Mimi mama ya mwalimu siwezi kwenda kwa Muthama kuuliza kwa nini sichotewi maji. Watu wangesema nini? Najichotea. Nikikutana na mtu kisimani nasema Muthoki ana mitihani.

Kuna nini, mwanangu? Mlikosana? Ulipata mwingine huko barabarani? Ukisema ni huyo Waithera nitakuja huko kwa miguu.

Sikukulea uende kukaa kwenye mchanga na mdomo umefungwa. Niambie.

Mama yako


Makindu,
22 Septemba 1984

Mwaitu,

Salamu kwenu nyote. Waithera ni mwanafunzi wangu na ana miaka kumi na sita, tafadhali hilo lisisemwe tena hata kwa mzaha.

Umeniuliza kuna nini, na mimi nashangaa unavyouliza. Mwezi wa saba Mwangangi, yule binamu yetu dereva wa lori, alisimama hapa kunywa chai. Akaniambia aliona mbuzi wetu wa ntheo wakiswagwa barabarani, wametolewa kwa Muthama. Nikamwambia labda si hao. Akasema, "Yule jike mwenye uso mweupe na sikio lililokatwa? Si nilimbeba mimi mwenyewe mgongoni siku tulipompeleka!"

Mwaitu, wewe unajua kuliko mimi maana ya mbuzi wa ntheo kutoka katika boma la msichana. Wamerudishwa. Nimekataliwa. Na wewe umekaa nao hapo nyumbani, unaniandikia habari za dawa ya magoti ili nisiumie. Sikulaumu. Najua ni aibu kwako. Ndiyo maana sikukuuliza, na sikumjibu Muthoki. Barua zake zilizokuja tangu hapo zimo humu ndani, sikufungua hata moja. Mtu akikuacha hakuna haja ya kusoma sababu.

Niache niende Lodwar.

Kisilu


Kwa Vonza,
5 Oktoba 1984

Mwanangu mwenye jina la baba yangu,

Salamu sina leo, utazipata mwishoni kama zitabaki.

Nilipomaliza barua yako nilivua aproni, nikafunga leso ya kanisani, nikaenda kwa Muthama. Katika boma letu hakuna mbuzi aliyerudishwa, hata kwato. Basi nikawaza, kama hawakuja kwangu, wamepewa nani? Nilitaka kurudi mara mbili. Nilifika mpaka kwenye ua wao nikajifanya natoa jiwe kwenye kiatu.

Muthoki alikuwa nje anashona shati la mtu. Akainuka.

"Karibu, mama. Umepotea."

"Ni wewe umepotea."

"Mimi niliandika barua tatu tangu Julai, hakuna iliyojibiwa. Nikaona nikiendelea kukuchotea maji nitafanana na mtu anayeomba."

Hapo nikaufungua huu mdomo wangu nikamuuliza wazi: "Mbuzi wa ntheo wako wapi?" Akaniambia. Mimi nilikaa chini, Kisilu, chini kabisa na leso yangu ya kanisani. Halafu nikamweleza ya Mwangangi na ya Lodwar. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuacha sindano. Kisha akasema:

"Mama, nakuomba usimwandikie hayo niliyokuambia."

"Kwa nini? Si nikimwandikia yataisha leo?"

"Yataisha kwako. Aniulize yeye. Mimi sitaki kuolewa na mama yake."

Wee! Nilitaka kukasirika lakini nikakosa mahali pa kuanzia. Nikaahidi. Unanijua, siri kwangu ni kama kuku ndani ya kikapu, haikai kimya. Kalondu ameninunulia chai ili niseme. Sikusema. Na wewe sikuambii. Mbuzi wametoka kwa Muthama, hilo Mwangangi hakudanganya. Wameenda wapi na kwa nini, muulize mwenyewe. Labda jibu litakufurahisha, labda litakuumiza. Usijaribu kulisoma katikati ya mistari yangu, nimefuta.

Lakini ya yule kijana wa mchezo nitasema, hayo sikukatazwa. Nilimtetea kwa sababu nilimwona ana sura yako. Sasa namwona vizuri. Huyo msichana naye aliogopa. Aliogopa baba yake, aliogopa njaa, aliogopa kulala nje. Tofauti ni kwamba yeye akiogopa anauliza, na kijana akiogopa anapanda mlima. Na mimi nimepita na ndoo yangu hiyo miezi yote nikijifanya nina kiburi, kumbe naogopa.

Una karatasi za Lodwar mpaka mwisho wa mwezi. Andika sahihi ukitaka. Lakini uliza kwanza.

Salamu zimebaki kidogo, chukua.

Mama yako


Makindu,
4 Novemba 1984

Mwaitu mpendwa,

Salamu kwako, kwa baba, kwa Ndululu. Mvua imeanza huku, Mungu asifiwe, mtoni kuna sauti tena.

Barua yako niliiweka chini ya mto nikakasirika nayo siku kadhaa. Halafu nikachukua kalamu nikamwandikia Muthoki maneno haya tu: "Niliambiwa mbuzi wameonekana barabarani. Niliogopa kukuuliza. Umeniacha?" Kurasa mbili za asali sikuziweza. Nilipoitia barua kwenye sanduku la posta nilitamani mkono wangu uwe mwembamba niitoe.

Hakujibu kwa posta. Jumamosi iliyopita mlinzi wa shule aliniita, ati kuna mgeni anayeningoja kwenye hekalu la Masingasinga, wanapolisha wasafiri. Nikamkuta Muthoki ameketi pale na Mama Kalondu, aliyekuja kwa mkutano wa akina mama wa kanisa. Mama Kalondu alikuwa anakula chapati ya nne, akaniambia dengu ya hawa watu inashinda yetu, akageuka upande ili asisikie. Nina hakika alisikia yote.

Muthoki hakunisalimia kwanza. Alisema, "Majani yaliisha kwetu. Baba aliuza ng'ombe wake wawili kwa bei ya kuku. Mama akamwambia auze na wale mbuzi, akakataa, akasema hao si wa kuuza, hao ni neno alilompa baba yako Mutie. Akawapeleka kwa shemeji yake kando ya Mto Athi, ambako bado kuna kitu cha kula. Wako huko. Yule wa uso mweupe amezaa."

Nikasema, "Nilidhani mmewarudisha."

"Tangu lini?"

"Julai."

"Na ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Akaniangalia sana. "Kisilu, siku mtoto wetu atakuwa na homa nawe unaogopa atakufa, utanyamaza vilevile? Utaenda Lodwar?"

Nilimwambia hapana. Akasema hapana ni neno rahisi. Nikamwambia basi aniulize tena baadaye, na baadaye, mpaka achoke. Hapo ndipo alipocheka, na Mama Kalondu akacheka, mgongo wake ukitikisika.

Lakini arusi si Desemba. Anataka amalize kushona kwake, apate cheti, na mimi kila mwezi nije nyumbani tukae tuongee, si maneno matamu, mambo yanayotuogopesha. Tukiweza hivyo, Agosti. Nimekubali. Niliumia kidogo, na nikamwambia kwamba nimeumia. Ni mara yangu ya kwanza, nilihisi kama nimesimama sokoni bila shati.

Karatasi za Lodwar nimezirudisha bila sahihi. Barua zake tatu nimezifungua. Ya mwisho inauliza kama nina njaa.

Wanafunzi nimewaambia nilikosea. Waithera alisema, "Tulijua, mwalimu."

Mwanao,
Kisilu


Kwa Vonza,
20 Novemba 1984

Mwanangu mpendwa,

Salamu kwa magunia. Sisi ni wazima mpaka tunaona aibu. Mbaazi zimeota, kunde zimeota, na baba yako anatembea akizihesabu kama ni yeye aliyezinyeshea.

Nimekasirika, niseme ukweli. Kalondu alifika hapa kabla ya barua yako, akanisimulia yote tangu salamu mpaka homa ya mtoto. Mjukuu wangu ambaye hajazaliwa ameshaugua, na Kalondu ndiye wa kwanza kujua! Nikamwambia nilikuwa najua ya mbuzi tangu Oktoba na nikanyamaza. Hakuamini. Hakuna mtu hapa Kwa Vonza anayeamini kwamba nilinyamaza, na hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote niliyofanya mwaka huu.

Agosti ni mbali. Nimelia kidogo, halafu nikawaza: Muthama, mtu mwenye njaa, alilinda mbuzi wetu kuliko ng'ombe wake, na mimi nashindwa kungoja mvua mbili? Tutangoja. Wewe uje kila mwezi kama ulivyosema. Ukishikwa na uoga njiani, shuka nao uje nao hapa.

Muthoki yuko hapa. Amekuja asubuhi, tumepalilia pamoja, amenikosoa jinsi ninavyoacha magugu pembeni, na mimi nimemkosoa jinsi anavyoshika jembe. Saa hii ameketi mbele yangu na kikombe cha chai, ananiangalia nikiandika. Ameniuliza ninakuandikia nini. Nimemwambia chukua usome, hapa hakuna kitu cha kuficha.

Kulikuwa na maneno mengi hapo juu niliyomsifia, kazi yake, akili yake, meno yake. Amesoma, amecheka, ameyafuta yote kwa kalamu yako ile nyekundu uliyoiacha hapa. Anasema ni mengi mno, uyaone mwenyewe ukija.

Nimeyaandika tena nyuma ya karatasi. Geuza.

Mama yako, na mama yake,
Kalunde